Maneno ya Akoth

Siku Akoth alipopelekwa hospitali ya Nakuru, lori la mgodi lilikuwa limekwisha kupakiwa magunia ya ule udongo mweupe wa Kariandusi, na dereva hakutaka kuyashusha. Akatandikiwa blanketi juu ya magunia. Dada yake, Adero, aliyekuwa amekuja kumwuguza, akapanda akaketi na kumpakata kichwa. Mumewe, Ogola, alibaki chini ameshika ubao wa nyuma wa lori. Funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwake, bwana mkubwa hakuwa amerudi kutoka Gilgil, na karani wa stoo kama yeye akiondoka bila ruhusa hurudi akakuta kiti chake kina mtu mwingine.

Akoth alikuwa akivuta pumzi kwa taabu tangu Jumapili. Lori lilipowashwa alifumbua macho, akamtafuta mumewe mpaka akampata.

"Kuku umewafungia?"

"Nimewafungia."

"Na yule wa shingo tupu?"

"Hata yeye."

Kuku wa shingo tupu alikuwa mkaidi. Wenzake walipoingia bandani yeye alipanda paa la choo, akasimama huko na shingo yake nyekundu isiyo na unyoya hata mmoja, akingoja kubembelezwa. Kila jioni Akoth alikuwa akimtukana kwa Kiluo, kisha akimshusha kwa mikono miwili kama mtoto. Sasa aliposikia kwamba hata huyo ameingia, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi ya siku, akafumba macho. Lori likateremka na vumbi lake jeupe. Kesho yake Ogola alipofika Nakuru, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Matangani, mama mzazi wa Akoth aliwauliza wote wawili binti yake alisema nini mwisho. Adero akajibu, "Alilala tu, mama." Ogola naye akasema, "Alilala." Hawakuwa wamepatana. Lakini kila mmoja alimsikia mwenzake akificha, na tangu siku ile lilikuwa jambo lao. Maneno yale hayakuwa makubwa. Yangewekwa mbele ya waombolezaji, wengine wangetabasamu. Ndiyo maana waliyaweka mbali, kama mtu anavyoweka nguo ya ndani ya marehemu.

Ogola alirudi mgodini, akafungua stoo, akafunga stoo. Nyumba yake kwenye laini za wafanyakazi ilikuwa chumba kimoja na banda la kuku nyuma. Jioni aliwafungia kuku, wa shingo tupu akiwa wa mwisho. Hapakuwa na lingine la kusimulia, mpaka Kimaiyo alipoanza kuja Jumapili.

Kimaiyo alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni iliyokuwa karibu na mgodi, kijana mrefu kutoka upande wa Ravine, mwenye sauti ambayo ungeisikia ukiwa ng'ambo ya korongo. Aliweza kumwiga mtu yeyote: mhubiri, bwana mkubwa, mama anayegombania bei ya viazi. Alikuja baada ya ibada na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na kwapani ana kitabu. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada wala kurasa za mbele. Alikirithi kwa mzungu wa misheni aliyehama. Kwa hiyo hawakujua jina lake wala la aliyekiandika. Walikiita kile cha mlinda daraja, maana kilihusu mtu aitwaye Gustavu aliyelinda daraja la reli katika nchi ya baridi, na mkewe Marta.

Kilikuwa cha Kiingereza. Mmoja alisoma, mwingine akigeuza kwa Kiswahili, na wote wawili walibishana juu ya kila walichokisoma. Ogola, ambaye mchana kutwa hakusema zaidi ya idadi ya majembe, alijikuta ana maoni.

"Kurasa zote hizi za theluji," Kimaiyo alilalamika. "Nani ameomba theluji? Huyu mtu alikuwa analipwa kwa neno."

"Mimi naipenda."

"Hujawahi kuiona."

"Naiona kila siku. Toka nje, mwalimu, utazame lile lundo la magunia yaliyopasuka."

Kimaiyo akacheka. "Basi wewe Gustavu wa Kariandusi."

Walipofika mahali ambapo Marta anakufa, waligombana Jumapili nzima.

"Mwandishi ni mvivu," Kimaiyo alisema. "Ameshindwa kumpa Marta kazi, akaona heri amuue."

"Amemuua kwa sababu watu hufa."

"Watu hufa bure, bwana. Nikitaka kifo nitakwenda matangani, na huko nitapewa na chai. Kitabu kinipe kile ambacho matanga hayanipi."

"Kama nini?"

"Kama Marta kuamka."

"Akiamka mimi nakutupia hicho kitabu chako chooni."

Kimaiyo alikuwa amekwisha kwenda Nakuru mjini mara kadhaa kutazama sinema, na alishikilia kwamba siku moja picha zitavishinda vitabu. Kitabu kinakwambia mvua imenyesha, alisema, sinema inakulowesha. Ogola akamjibu kwamba anayelowa hana nafasi ya kuwaza. Waliendelea hivyo mpaka maziwa yakaisha.

Jumapili iliyofuata Kimaiyo aliyarudia maneno ya mwisho ya Marta kwa sauti ya kutetemeka. Yalikuwa nusu ukurasa. Marta alizungumza juu ya nyota, akawasamehe waliomkosea, akaliaga daraja, akamwambia Gustavu mahali pa kumngoja peponi. Kimaiyo alipomaliza, macho yake yalikuwa yamelowa kweli.

"Hapo ndipo mwandishi amedanganya," Ogola alisema.

"Hapo? Hapo ndipo penyewe."

"Mtu anayekufa hana pumzi ya nusu ukurasa. Na zile alizo nazo haziishii kwa nyota."

"Wewe umejuaje?"

Ogola hakuwa amekusudia kusema. Lakini walikuwa wakibishana, na katika mabishano mtu hutafuta hoja, na hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Akaeleza. Lori, magunia, blanketi, kuku, na yule wa shingo tupu. Alieleza kwa maneno machache, akitazama kikombe.

Kimaiyo alikifunga kitabu. Hakuiga mtu yeyote. Akasema, "Hayo yangekuwa kitabuni, ningelia mpaka leo."

"Hayamo kitabuni. Yako hapa, kati yangu na wewe. Hata mama yake hayajui."

"Yamefika kwangu, yamelala."

Ogola alimwamini. Jioni ile walikwenda pamoja kumshusha kuku kwenye paa la choo, na Kimaiyo, kwa urefu wake, alimfikia bila kujinyoosha.

Kabla mwaka ule haujaisha, Kimaiyo aliacha ualimu. Kampuni moja ya sabuni ilikuwa na gari la sinema lililozunguka mashambani, kwenye vituo vya reli na migodini. Walitandaza kitambaa cheupe, wakaonyesha picha bure, kisha wakauza sabuni. Picha zilikuwa za Kiingereza na watu hawakukijua, kwa hiyo gari lilihitaji msemaji wa kusimama kando ya kitambaa na kipaza sauti, azime kile Kiingereza na kusema yeye kila mtu anachosema. Mwanamke akifungua mdomo pale kitambaani, sauti ilitoka kwa msemaji. Watu walikwenda nyumbani wakijua picha ilisema vile alivyosema yeye. Kimaiyo alikuwa amezaliwa kwa kazi hiyo, na Ogola alimwambia hivyo alipomsindikiza. Kimaiyo alimwachia kile kitabu.

Miezi mingi Ogola hakumwona. Halafu siku moja gari la sinema likaingia mgodini adhuhuri, limechorwa povu la sabuni ubavuni, na Kimaiyo akashuka amevaa suti.

"Bwana karani," aliita, "nimekuletea mgeni. Hutaamini. Ni Gustavu."

Ogola aliweka chini alichokuwa amekishika. "Wamekitia kile kitabu kwenye sinema?"

"Wamekitia. Daraja ni lile lile. Nilipoliona nililitambua kabla ya kuambiwa."

"Na Marta?"

Kimaiyo alikuwa ameinamia waya. "Utamwona."

"Usinieleze mapema. Neno langu moja tu, mwalimu: pale kitandani, paseme kama palivyo kitabuni. Usiwachekeshe pale. Mimi nimepazoea vile palivyo."

"Ogola, nani anamjua Marta kuliko mimi na wewe?"

Ogola alitosheka na jibu hilo. Baadaye sana ndipo alipoona kwamba halikuwa jibu.

Giza lilipoingia, laini zote zilihamia uwanjani. Ogola alikaa mbele, karibu na Naftaly, mchimbaji jirani yake, ambaye alikuwa amebeba kiti cha nyumbani. Kitambaa kikawaka. Theluji ilipoonekana, lundo juu ya lundo, uwanja mzima ulinguruma.

"Mgodi wetu huo," mtu alisema nyuma.

"Mbona hawavai magunia kichwani? Itawaingia masikioni."

Kimaiyo, kando ya kitambaa, hakuwasahihisha. "Naam," kipaza sauti kilisema, "Gustavu ametoka zamu." Watu wakafurahi. Hata Ogola alitabasamu gizani. Alikuwa akitazama kila kitu akikipima: nyumba ndogo kuliko alivyoiwaza, Gustavu mnene mno, daraja zuri kuliko la kitabuni. Alikuwa akiyapanga maoni yake ya kumwambia Kimaiyo Jumapili, kama zamani.

Picha ikafika pale kitandani. Marta alilala kwenye mto mweupe, amepakwa rangi midomoni, mishumaa kila upande. Akafungua mdomo. Ogola aliujua ule mdomo unachosema. Zilikuwa zile nyota. Akajiandaa kuvumilia nyota.

"Gustavu," kilisema kipaza sauti, kwa sauti nyembamba ya mwanamke asiye na pumzi, "kuku umewafungia?"

Kicheko kikaanzia upande wa akina mama.

"Nimewafungia, mke wangu."

"Na yule wa shingo tupu?"

Walicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Naftaly alijipiga paja, akamshika Ogola bega. "Umesikia? Shingo tupu! Huko Ulaya pia wanao." Sauti ilikuwa imeigwa vizuri. Kimaiyo hakuwa amemzoea Akoth, lakini alikuwa amemsikia akiongea mlangoni, zile siku za nyuma alipopita kuelekea shuleni, na ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho ilikuwamo.

Ogola hakuinuka. Mbele yake ulikuwa mwanga na nyuma yake walikuwa watu wote aliofanya nao kazi; angesimama, kivuli chake kingeangukia kitanda cha Marta. Kwa hiyo alikaa akatazama mengine. Marta alifumba macho. Gustavu akapiga magoti. Asubuhi ikaingia dirishani, ndege akaimba, na Marta akafumbua macho, akaketi, akanyoosha mikono. Watu walipiga makofi. "Basi twende tukawafungulie kuku," alisema, na taa za gari zikawashwa, na sabuni ikaanza kuuzwa.

Ogola alingoja mpaka wanunuzi walipopungua. Kimaiyo alikuwa akikunja waya, uso unang'aa kwa jasho.

"Niambie," alisema. "Niambie ukweli. Umeionaje?"

Alikuwa anauliza kweli.

"Uliniambia yamelala."

Kimaiyo akasimama. "Sikutaja jina."

"Uliniambia yamelala, Kimaiyo."

"Sikiliza. Ulikuwa umesema mwenyewe kwamba yale ya nyota ni uongo. Nilipoiona picha, nikasema Ogola alisema kweli, mama huyu anawahubiria, watu wanasinzia. Kule Njoro, siku ya kwanza, watu walikuwa wakiondoka picha ilipofika pale kitandani. Siku ya pili nikatia maneno ya mtu wa kweli. Hakuondoka hata mmoja."

"Njoro."

"Njoro, Molo, Elburgon. Bondeni pia, pale Nakuru."

Ogola alishika ubao wa gari. Alikuwa amedhani ni usiku ule tu. "Umeyasema kote huko?"

"Kila mahali wanacheka, bwana. Lakini kicheko kizuri. Wanampenda pale. Akiamka wanapiga makofi kwa sababu wanampenda. Wewe ulimpoteza kwenye lori peke yako, mimi nimempa—"

"Akoth hakuamka."

Kimaiyo akarudia kukunja waya.

"Ulijua mchana kwamba Marta anaamka," Ogola alisema. "Nilikuuliza ukainamia waya."

"Ningekwambia usingekuja."

"Ndiyo. Nisingekuja."

Dereva aliita kutoka mbele. Kimaiyo alitazama upande ule, akarudisha macho. "Basi maoni yako ni yapi? Ya picha yenyewe. Usiponiambia wewe sina mwingine wa kuniambia."

"Picha ni mbaya," Ogola alisema. "Ila hapo ulipoiba, hapo ni pazuri."

Alikwenda zake. Kuku wa shingo tupu alikuwa juu ya paa la choo, ameshangazwa na zile kelele.

Tangu kesho yake maneno yalikuwa mgodini. Mchimbaji akiaga mwisho wa zamu, mwenzake alimwuliza, "Kuku umewafungia?" na wa tatu akamalizia, "Na yule wa shingo tupu?" Walimwambia hata yeye, mlangoni pa stoo, bila ubaya wowote, kwa kuwa walijua ana kuku wa namna hiyo na waliona ni bahati ya kuchekesha. Naftaly ndiye aliyependa zaidi. "Karani, wewe ndiye Gustavu wetu," alisema. Ogola alimpa jembe lake akamwandikia.

Lililomtisha ni Bondeni. Adero aliishi Bondeni, akiuza samaki wakavu karibu na soko. Jumapili alipanda treni kwenda kwake. Alimkuta akipanga samaki kwenye karai, na hakuinua uso.

"Shemeji," Adero alisema, "walikulipa vipande vingapi?"

"Vipande vya nini?"

"Vya sabuni. Nauliza kwa sababu majirani zangu wana furaha. Mtoto wa jirani ananiuliza kila jioni kama nimefunga kuku, na mimi sina kuku."

"Adero, nilimwambia mtu mmoja."

"Mmoja."

"Rafiki. Tulikuwa tunazungumza juu ya kitabu."

Ndipo akainua uso. "Kitabu," alisema. "Mimi mama yangu alikufa mwezi wa tatu akiniuliza bado, Akoth alisema nini, na mimi namwambia alilala, kwa sababu niliona wewe ndivyo ulivyotaka. Nilimnyima mama. Kumbe wewe ulikuwa unampa mtu wa sinema, kwa ajili ya kitabu."

Ogola angeweza kueleza kwamba Kimaiyo aliahidi. Lakini ahadi ya Kimaiyo ilikuwa kwake. Kwa Adero ahadi ilikuwa ya Ogola, na hakuna mtu mwingine aliyeivunja.

"Nilikuwapo uwanjani," Adero aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nilisikia sauti yake. Sikujua ni sinema, kwa muda kidogo. Nilidhani ameniita. Halafu wakacheka." Alipangusa mikono kwenye leso. "Niletee kuku wa dada yangu."

"Wote?"

"Na yule."

Aliwapeleka wiki iliyofuata kwenye tenga, kwa treni, na abiria waliomwona yule wa shingo tupu akichungulia walisema waliyoyasema. Adero alilipokea tenga mlangoni, wala hakumkaribisha ndani. Kitabu cha mlinda daraja Ogola alikifunga kwa gazeti akampa dereva wa gari la sabuni amrudishie Kimaiyo. Kimaiyo alirudisha salamu kwamba ameacha kuyasema yale maneno. Huenda ilikuwa kweli. Naftaly, aliyekwenda Elburgon kumwona ndugu yake, alieleza kwamba mdomo wa Marta unapofunguka, msemaji sasa hunyamaza, na watu uwanjani huyasema wenyewe.

Banda la kuku liko tupu nyuma ya nyumba. Gari la sinema huja Kariandusi kila mwisho wa mwezi, na siku hiyo Ogola huomba zamu ya jioni kwenye mashine ya kukaushia udongo, mahali ambapo kwa mngurumo wake mtu hasikii kitu.